Ndege Chini ya Wingu Zito: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: mawingu yakitanda, picha za ndege zinaharibikia wapi? Kabla ya kuzijibu, kuna neno litakalojirudia hapa chini, nalo ni hatua. Hatua moja ya mwanga ni kuuongeza mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Kutoka ISO 800 kwenda 1600 ni hatua moja; ISO ni namba ya usikivu wa kamera kwa mwanga. Kwenye kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kutoka 1/1000 ya sekunde kwenda 1/500 ni hatua moja, na kwenye tundu la lenzi kutoka f/8 kwenda f/5.6 vilevile, maana namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ukiizoea hesabu hiyo, mengi yanayofuata utayafanya kichwani ukiwa porini.

Swali: Siku ya mawingu nikimpiga ndege aliyetua juu ya mti, anatoka mweusi kama kivuli, ilhali anga nyuma yake linaonekana vizuri tu. Je, kamera yangu ina hitilafu?

Jibu: Kamera yako ni nzima. Kipima mwanga hakijui yupi ndege na lipi anga. Kinajumlisha kinachokiona na kukivuta kiwe cha kijivu cha wastani. Anga la mawingu huonekana limepooza kwa macho, lakini ndilo taa yenyewe. Mwanga wote unaomfikia ndege unatoka humo, kwa hiyo linang'aa kuliko kifua cha ndege kilichogeukia chini. Likijaza sehemu kubwa ya fremu, kamera inalishusha hadi kijivu, na ndege anashuka pamoja nalo.

Tiba ni fidia ya mwanga, yaani kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ndege wa rangi ya kati aliyezungukwa na anga jeupe anahitaji kati ya hatua +1.3 na +2. Kunguru au ndege mwingine mweusi anaweza kudai zaidi ya +2. Anga litaungua na kuwa jeupe kabisa, nawe liache liungue, maana halikuwa na cha kuonyesha. Wapiga picha wengi wanakwama hapa: wanaliokoa anga tupu na kumpoteza ndege waliyemfuata.

Hali ikigeuka, fidia nayo igeuke. Yangeyange mweupe mbele ya maji meusi au kichaka kizito huifanya kamera iongeze mwanga kupita kiasi, na manyoya yake yanakuwa bamba jeupe lisilo na mistari. Hapo shusha hadi −0.7 au −1.

Dawa iliyo bora kuliko kitufe chochote ni miguu yako. Sogea hatua chache kushoto au kulia, au panda mahali palipoinuka kidogo, mpaka nyuma ya ndege kuwe na miti au mlima badala ya anga. Tofauti ya mwanga kati ya ndege na mandhari inapungua mara moja, na picha inapata rangi ambayo anga jeupe lisingeipa.

Swali: Nimeshauriwa kutumia mkao wa M, ule wa kupanga namba zote mwenyewe, siku za mawingu. Sielewi nianzie wapi na namba.

Jibu: Ushauri huo ni mzuri, na sababu yake ni kwamba wingu zito linasambaza mwanga sawasawa. Siku ya jua ndege akiingia kivulini anapoteza hatua tatu au nne. Chini ya wingu, nje kwenye uwazi, mwanga unaomwangukia ni ule ule popote aendapo. Ukishapata namba zinazofaa kwa mwanga huo, ndege akiruka kutoka mbele ya miti hadi mbele ya anga, namba hazibadiliki. Kamera iliyoachwa ijiamulie ingebadilisha mambo katikati ya mruko.

Kianzio ni kanuni ya zamani ya siku za filamu. Jua likiwa kali, f/16 inakwenda na kasi ya shata iliyo sawa na ISO. Mawingu yakitanda bila vivuli kuonekana, tundu linafunguliwa hadi f/8, na yakiwa mazito hadi f/5.6. Kwa hiyo chini ya wingu zito ISO 1600 inakupa takriban 1/1600 kwa f/5.6. Lenzi nyingi za kukuza zenye bei nafuu zinaishia f/6.3 zikivutwa mwisho, ambayo ni theluthi ya hatua chini, basi hesabu 1/1250. Wingu likiwa jeusi la mvua, au jioni ikikaribia, ondoa hatua moja au mbili zaidi. Ndani ya msitu, chini ya majani, ondoa tatu hadi tano, na ghafla ISO 6400 inakuachia 1/300 hivi tu. Hiyo ndiyo hali halisi ya msituni, na ni heri kuijua kabla ya kuingia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho. Chagua kasi ya shata kulingana na anachofanya ndege. Kisha pandisha ISO mpaka picha ya majaribio itoke sawa. Picha hiyo ipige kwenye nyasi za kijani au gamba la mti la kijivu lililo kwenye mwanga ule ule wa ndege, halafu angalia histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Rundo likae katikati au kulia kidogo. Ukishampiga ndege mwenyewe, tazama tena sehemu yake nyeupe kuliko zote, na kama kamera yako ina alama ya kumetameta kwa sehemu zilizoungua, iwashe. Kikimeta kichwa au kifua, shusha theluthi ya hatua. Likimeta anga, endelea na kazi.

Rudia kipimo kila baada ya dakika 15 au 20, na kila wingu linapoanza kuwa jepesi. Macho yanazoea giza polepole na hayakuambii kwamba mwanga umepungua hatua nzima.

Jihadhari na M iliyounganishwa na ISO ya kujiendesha. Inafaa msituni, mahali mwanga unapobadilika kila baada ya mita chache. Kwenye uwazi inarudisha tatizo la swali la kwanza: ndege akipita mbele ya anga, kamera inashusha ISO na unapata kivuli. Ukiitumia, hakikisha fidia ya mwanga inafanya kazi pamoja nayo. Si kamera zote zinaruhusu hivyo.

Swali: Naogopa kupandisha ISO zaidi ya 800 kwa sababu picha zinajaa chenga. Si afadhali nipige ISO ndogo halafu niangaze kwenye kompyuta?

Jibu: Hapana, na tungependa kila msomaji aishike sababu yake, kwa maana woga huu umeharibu picha nyingi kuliko wingu lenyewe.

Chenga nyingi unazoziona hazitengenezwi na ISO. Zinatokana na uchache wa mwanga. Mwanga huja kwa chembe, fotoni, na chembe hizo hunyesha kama mvua: ndoo mbili zilizowekwa bega kwa bega hazipati matone sawa kabisa. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 ina mtawanyiko wa takriban 100, yaani asilimia 1, nao hauonekani. Iliyopokea fotoni 100 ina mtawanyiko wa 10, yaani asilimia 10, na jicho linauona kama chenga. Ubora unafuata kipeuo cha pili cha mwanga: ili chenga zipungue kwa nusu unahitaji mwanga mara nne, yaani hatua mbili nzima.

Sasa fikiria picha mbili za ndege yule yule, zote kwa f/6.3 na 1/1000. Moja ni ya ISO 800, imetoka na giza la hatua tatu, ukaiangaza baadaye. Nyingine ni ya ISO 6400, imetoka sawa. Fotoni zilizoingia ni zile zile, kwa hiyo ile ya ISO 800 haiwezi kuwa safi zaidi. Mara nyingi inakuwa chafu zaidi, kwani katika kamera nyingi ukiangaza kwenye kompyuta unaangaza na kelele za umeme za sensa yenyewe, ambazo ISO ya juu ndani ya kamera ingezifunika. Dalili zake ni michirizi ya mlalo na rangi ya zambarau sehemu za giza. Kama umepiga JPEG ni mbaya zaidi, kwa sababu faili hilo lina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati RAW, yaani faili ghafi la sensa, ya biti 14 ina 16,384. Ukiinua giza la JPEG unapata mabaka badala ya manyoya.

Basi pandisha ISO mpaka ndege awe sawa ndani ya kamera. Picha yenye chenga inaweza kusafishwa. Picha iliyotikisika haina dawa.

Lipo jambo lingine ambalo watu hawalihesabu, nalo ni kukata picha. Ukikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, umebaki na robo ya sensa. Ukiikuza iwe na ukubwa wa picha kamili, chenga zake zinaonekana kana kwamba ulipandisha ISO hatua mbili: ISO 1600 inaonekana kama 6400. Kwa mantiki hiyo hiyo, kumkaribia ndege nusu ya umbali ni sawa na kununua hatua mbili za mwanga bila kununua chochote. Kaa ndani ya gari lililozimwa, au maficho yaliyowekwa mapema ndege wakayazoea, au lala chini na usogee kwa tumbo, ukisimama kila anapoinua kichwa. Akianza kunyoosha shingo, kuacha kula au kutoa mlio wa tahadhari, umeshavuka mpaka: rudi nyuma. Kwenye kiota usitumie mbinu hizi kabisa, hasa siku ya baridi na manyunyu, kwa sababu mama akiondoka dakika chache tu makinda yanapoa.

Swali: Kasi gani ya shata ni ya chini kabisa inayovumilika? Lenzi yangu ina kizuia mtikisiko, na mwenye nayo kama yangu anasema 1/60 inatosha.

Jibu: Kizuia mtikisiko kinatuliza mikono yako, hakimtulizi ndege. Hayo ni matatizo mawili, na hapo ndipo wewe na mwenzako mnapotofautiana.

Korongo aliyesimama akivizia samaki anaweza kupigwa kwa 1/60, hata 1/30, ukiwa na tripodi na ukipiga mfululizo wa picha nane au kumi ili uchague ile aliyotulia. Ndege wa kawaida aliyetua anataka 1/250 hadi 1/500, kwani hata akikaa kimya kichwa chake hugeuka kwa kushtukia. Ndege wadogo wa kurukaruka kwenye matawi, chozi kwa mfano, wanataka 1/800 au 1/1000. Wakubwa wanaoruka kwa mapigo ya polepole, kama mwari na korongo, 1/1000 hadi 1/1250. Bata, njiwa na wengine wa mapigo ya haraka, 1/2000. Mbayuwayu na mdiria anayepiga mbizi, 1/2500 au 1/3200, na hapo chini ya wingu zito utakuwa ISO 3200 hadi 6400 hata kwa lenzi nzuri.

Mwanga ukikataa kabisa, usishuke kidogokidogo hadi 1/400 kwa ndege anayeruka. Hapo unapata picha isiyo kali na isiyo ya makusudi. Ama acha wanaoruka ugeukie waliotua, ama shuka moja kwa moja hadi 1/30 au 1/20, umfuate ndege kwa mwendo laini, mbawa ziwe moshi na kichwa kibaki kimeshikika. Kati ya picha 50 utapata mbili au tatu. Tunapendekeza ujaribu, maana wingu linakuruhusu kasi hizo bila kuziba tundu la lenzi hadi f/22.

Ili usipoteze mwanga bure kwa mikono inayotetemeka, weka lenzi juu ya mfuko wa mchanga au maharage dirishani mwa gari, au tumia monopodi, yaani nguzo ya mguu mmoja ya kuegemezea kamera. Kwenye tripodi isiyotikisika soma maelekezo ya lenzi yako: baadhi, hasa za zamani, zinataka kizuia mtikisiko kizimwe.

Swali: Fokasi inatafuta mbele na nyuma bila kushika, hasa ndege wa kijivu mbele ya anga la kijivu. Nifanyeje?

Jibu: Fokasi ya kamera inashika pale inapoona mpaka kati ya cheusi na cheupe. Wingu linaondoa vivuli vidogo kwenye manyoya, na vivuli hivyo ndivyo vilivyokuwa mipaka. Kwa hiyo ipe mpaka: elekeza nukta ya fokasi ukingoni, pale shingo inapokutana na anga, kwenye mdomo, au kwenye jicho kama ni jeusi juu ya uso mweupe. Usiielekeze katikati ya kifua kisicho na alama.

Shika fokasi mapema kwenye kitu kilicho umbali ule ule, tawi au ncha ya mti, ili lenzi ianze karibu na mahali inapotakiwa. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ya kuzuia masafa. Iweke kwenye masafa ya mbali, na lenzi haitapoteza sekunde ikienda hadi mita tatu na kurudi. Ndege akiwa peke yake angani, tumia kundi la nukta, kwa kuwa hakuna kingine cha kukamatwa. Akiwa ndani ya matawi tumia nukta moja ndogo. Kamera zenye kutambua jicho la ndege husaidia sana, ila kwenye giza la msitu huruka kwenda kwenye jani linalong'aa. Zoea kuzima utambuzi huo kwa kitufe kimoja.

Kama umefunga telekonveta, kile kikuzaji kinachokaa kati ya kamera na lenzi, ivue. Ya 1.4 inakula hatua moja, ya 2 inakula mbili: lenzi ya f/6.3 inakuwa f/9 au f/13. Kamera nyingi zenye kioo ndani (DSLR) zinaacha kushika fokasi vizuri baada ya f/5.6, au f/8 kwa nukta ya katikati pekee, na hata zisizo na kioo zinapungua kasi. Siku ya wingu zito, picha iliyokatwa ya lenzi tupu mara nyingi inashinda.

Swali: Vipi kuhusu flashi?

Jibu: Kidogo, na si kwa kila ndege. Itumie kuongezea mwanga wa asili, usiitumie kuuziba. Weka mwanga wa mazingira kwanza kama tulivyoeleza, kisha flashi uishushe hadi −1.7 au −2. Kazi yake ni kutia nukta ya uhai jichoni na kufungua giza la chini ya tumbo.

Kikwazo ni kasi. Kamera nyingi zinalingana na flashi hadi 1/200 au 1/250 tu. Juu ya hapo inabidi utumie mpangilio wa kasi ya juu, na nguvu ya flashi inashuka sana. Umbali nao unakula: kutoka mita 5 hadi mita 10 mwanga unaomfikia ndege unabaki robo. Ndiyo maana wengine hufunga mbele ya flashi bamba la plastiki linalokusanya mwanga uende mbali. Linafanya kazi, lakini wingu likifunguka bamba hilo ni kioo cha kuwashia moto: jua likilipenya kutoka mbele linaweza kuyeyusha uso wa flashi. Lifunike au livue.

Mwanga wa flashi iliyo karibu sana na lenzi huweza kurudi kutoka ndani ya jicho na kulifanya ling'ae kama bati. Iinue kwa mkono wa chuma, sentimita 20 au zaidi juu ya lenzi. Usimpige nayo bundi au ndege mwingine wa usiku, wala makinda kiotani.

Kwa kawaida nukta ya jicho utaipata bila flashi. Anga lenyewe ni taa kubwa. Subiri ndege ainue kichwa au akigeuzie upande ulio wazi, na jicho litawaka lenyewe. Kibonyezo kisubiri hapo.

Swali: Rangi zangu zinatoka za baridi na zimefifia. Nirekebishe nini kwenye kamera, na nini baadaye?

Jibu: Mwanga wa mawingu una bluu zaidi ya jua. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mchana wa jua ni takriban 5,200 hadi 5,500, wingu ni 6,000 hadi 7,000. Weka mizani ya weupe kwenye alama ya wingu, au chagua kelvini 6,200 na uiache hapo, ili picha zote za asubuhi moja zifanane. Chini ya majani mwanga unachujwa na kuwa wa kijani, na kelvini peke yake haitoshi. Sogeza kitelezi cha pili, kile cha kijani na waridi, kidogo kuelekea waridi mpaka manyoya meupe au ya kijivu yaache kuwa na ukijani.

Kwenye kompyuta anza na kuondoa chenga kabla ya kitu kingine, moja kwa moja kwenye RAW. Chenga za rangi, zile nukta nyekundu na za kijani, ziondoe bila huruma. Chenga za mwanga ziache kiasi, kwani ukizifuta zote manyoya yanakuwa nta. Programu za akili unde zinasafisha vizuri mno, lakini pale ambapo hapakuwa na undani huweza kubuni manyoya ambayo ndege hana. Kagua jicho, miguu na ukingo wa mbawa kwa ukubwa wa asilimia 100.

Baada ya hapo shusha nukta nyeusi mpaka sehemu ndogo sana ya picha iguse weusi kamili. Picha za wingu hazina weusi wa kweli, na hilo pekee hurudisha nusu ya uhai wake. Ongeza utofauti wa katikati kwa ndege peke yake, kwa kumchagua, ukiacha mandhari laini. Ukali nao uishie kwake: ukiunoa mandhari, unanoa chenga.

Jambo moja halirekebishiki. Ule mng'ao wa kwezi au koo la chozi hautokani na rangi ya kuchovya, unatokana na muundo wa unyoya unaorudisha mwanga kwa pembe fulani. Chini ya wingu mara nyingi hupooza na kuonekana karibu mweusi. Usivute kitelezi cha rangi kuulazimisha. Piga mfululizo ndege anapogeuza kichwa. Kuna pembe moja ambapo koo huwaka hata chini ya wingu.

Swali: Kuna sababu yoyote ya kutoka siku kama hiyo, au nisubiri jua tu?

Jibu: Toka. Kwa ndege weupe na weusi tunalipenda wingu kuliko jua. Yangeyange kwenye jua la saa sita ni bamba lililoungua na kivuli cheusi chini yake. Chini ya wingu unahesabu kila unyoya. Ndege mwenye rangi mbili, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, anaingia mzima ndani ya uwezo wa sensa. Msituni, jua hutawanya madoa makali juu ya ndege, nalo wingu huyaondoa. Tena ardhi isiyopata moto haitoi ule mtetemo wa hewa unaoharibu picha za mbali kwa lenzi ndefu, kwa hiyo unaweza kupiga kutwa nzima.

Ila chagua mahali. Mwanga wa wingu unatoka juu, na ndege aliye juu yako anakuonyesha upande wake wa giza. Shuka wewe, au mtafute aliye chini: ukingoni mwa maji, kwenye matope, kwenye mchanga mweupe. Maji na mchanga vinarudisha mwanga juu na kuyafungua matumbo yao bila flashi. Lenzi ikiwa sentimita 20 au 30 juu ya maji, bata anayeogelea anakuangalia usawa wa jicho, na mandhari ya nyuma yanayeyuka hata kwa f/6.3.

Na kama anga jeupe haliepukiki, lifanye liwe shabaha. Ongeza +2 au zaidi, liwe karatasi nyeupe, kisha tafuta umbo: tawi moja safi, shingo iliyopinda, mbawa zilizofunguka. Tawi la pili likikatiza tu, picha imekufa.

Swali: Wingu likigeuka mvua, nifunge mizigo?

Jibu: Manyunyu hapana. Lenzi ivae kofia yake ndefu na ifunikwe kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele na kufungwa kwa raba. Beba vitambaa viwili, kimoja cha mwili wa kamera na kingine cha kioo tu, wala usivichanganye. Ukitaka matone yaonekane kama mistari tumia 1/60 hadi 1/125. Ukitaka yagande, 1/500 kwenda juu. Kwa vyovyote weka kitu cha giza nyuma ya ndege, la sivyo mvua haionekani kabisa.

Hatari kubwa ni baadaye. Ukiingiza kamera iliyopoa ndani ya chumba chenye joto na unyevu, umande unajishika kwenye vioo, hadi ndani ya lenzi, na unyevu ukikaa humo ukungu wa kuvu unaota. Ikaushe kwa nje, itie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa ukiwa bado nje, uingie nayo, na usiufungue mpaka ipate joto la chumba. Kwa lenzi kubwa hilo ni saa moja au mbili. Toa kadi ya picha kabla ya kuufunga mfuko, ili usishawishike kuufungua mapema.